Paina za Baba Mkwe

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya oili chafu. Nilikuwa bado mke mgeni hapa Nyololo, na mume wangu alikuwa anamjengea banda ng'ombe wetu wa kwanza, mwenye mimba. Baba mkwe tulikuwa tumemzika masika ile ile.

Mume wangu hakulia msibani. Aliingia shambani akaangusha miti ya paina aliyopanda baba yake, akakata nguzo, akazipaka miguu oili chafu ya malori kama wengi wafanyavyo huku, akachimba mashimo. Mti mwingine hakutaka kuusikia. "Banda lisimame kwa miti ya mzee," alisema. Nani angembishia? Mimi niliteka maji ya kushindilia udongo.

Ndipo mama mkwe akatoka jikoni. Akazitazama nguzo, akamtazama mwanawe. Nilijua atafoka, maana ulimi wake ulikuwa pilipili kichaa, Mungu amrehemu. Hakufoka. Alikwenda kwenye uzio wa zamani, akausukuma mti mmoja kwa kiganja. Ukakatika pale pale udongo unapoanzia. Juu mzima kabisa, chini unga.

"Huu aliuchimbia baba yako," alisema. "Na oili alipaka, tena kwa mbwembwe! Ulipoanguka wa kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mama watoto, paina ni ya juu, huku chini itatuaibisha."

"Mama, nilitaka awepo," alisema mume wangu. Hapo ndipo alipolia.

Mama mkwe akamshika bega. "Udongo tumeshaupa baba yako mwenyewe, mwanangu. Na miti yake tena tuupe?"

Paina zile tukazipandisha kwenye kenchi za paa. Chini tukasimamisha mninga aliotuletea mjomba wa mume wangu kutoka bondeni, kiini chake chekundu tu. Ule ukingo mweupe wa nje tuliuchonga wote, kwa kuwa mchwa na uozo huanzia hapo. Ndama alizaliwa humo salama. Mama mkwe kila akija kukamua aliinua macho kidogo kwenye paina za mzee, kisha akaendelea na kazi yake.

Basi nawe unayetaka kujenga, nyumba njema si mlango. Tazama kinachogusa udongo. Chagua kiini cha mti mgumu, au nguzo iliyotiwa dawa kiwandani ikaingia mpaka ndani, maana oili ya kupaka kwa brashi huishia kwenye ngozi. Ukivikosa vyote, usilazimishe. Inua mguu wa nguzo juu ya jiwe au zege, maji yapite chini yake. Paina usiidharau, ina kazi yake nzuri huko juu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hata mtu umpendaye usimtwishe asichokiweza eti kwa sababu unampenda. Hapo hujamheshimu, umemfanya aoze.

Mungu azishike nguzo zako, mwanangu, akujaze maziwa nyumbani, akupe na mtu wa kukuonya bila kukudhalilisha. Na siku ukifiwa, lia kwanza. Banda litakungoja.