Mwanamke Asiyeshika Vumbi

Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na pombe siijui. Naanza na hayo kwa sababu najua utakachoniambia: uliota, mama. Wenzangu wakikutana na mauzauza hukutana nayo usiku, makaburini. Mimi yalinikuta Ipogolo, pale Iringa, saa tisa alasiri, jua linawaka, wauza vitunguu wanagombania wateja na malori yanapita kuelekea Mbeya. Na anayebisha aje kwetu Rujewa nimwoneshe kiti.

Mimi nafanya biashara ya mchele. Nanunua mpunga kwa wakulima, nakoboa mashineni, mume wangu anapeleka Iringa kwa pikapu yetu. Kila kitu nahesabu mara mbili. Si kwamba nina wasiwasi na watu. Nina uhakika nao.

Mume wangu, Baba Zuhura, amevuka sitini. Miaka ya karibuni moyo ulianza kumsumbua. Daktari wa Mbeya mjini akampa dawa za kila siku, pamoja na kichupa kidogo cha vidonge vyeupe: kifua kikibana, weka kimoja chini ya ulimi. Kichupa hicho hakitoki mfuko wa shati. Na tangu augue, chumbani kwetu kukawa na amani. Amani nyingi kuliko niliyoomba.

Sikulalamika. Mgonjwa ni mgonjwa. Lakini baada ya mavuno yaliyopita mzee akaanza kunukia. Marashi! Mtu niliyemzoea ananukia dizeli na pumba. Akanunua singlendi mpya. Akaanza kuimba bafuni. Mwanamke mwenzangu unayesoma hapa, wewe ungefikiri nini?

Nami nikafikiri hivyo hivyo.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni pa mashine nahesabu magunia pikapu ikiondoka. Nikamwona mwanamke amekaa juu ya magunia, kanipa mgongo. Kitenge cha kijani, kilemba cha kitambaa hicho hicho, shingo ndefu. Ametulia kama anayejua anakokwenda. Nikamuuliza Sanga, kijana mwenye mashine, jamaa mwenye kifua kipana na maneno mengi.

"Sanga, yule juu ya mzigo ni nani?"

"Magunia, shemeji."

"Nakuuliza mtu."

"Shemeji, labda vumbi limekuingia machoni. Njoo nikupulize."

Akacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nikasema: wanaume hawa wanafichiana.

Wiki iliyofuata nikamwona tena. Safari hii yuko mbele, kiti cha abiria, kiwiko dirishani. Nikahesabu vichwa: viwili. Nikarudia: viwili. Jioni Baba Zuhura aliporudi nikamuuliza alisafiri na nani. Akasema, "Na redio."

Usiku ule sikupata usingizi hata chembe. Nilikuwa namchambua yule mwanamke kipande kwa kipande. Ana miaka mingapi? Kitenge kile kanunua mwenyewe au kanunuliwa kwa mchele wangu? Na ile shingo! Wallahi niliionea wivu shingo ya mtu ambaye sura yake sijaiona.

Kesho yake jiko la gesi likalegea mpira. Nikaenda kutafuta spana kwenye boksi la vifaa ndani ya pikapu. Chini ya spana, ndani ya soksi, nikakuta pakiti ya vidonge. Vya bluu, vya nguvu za kiume, vile wanavyouza vijana wa stendi kwenye mabegi, bila cheti, bila kukuuliza unaumwa nini. Viwili havipo.

Viwili havipo, na mimi nyumbani sijaona hata kimoja. Au niliona? Mara mbili mzee aliingia chumbani ananukia, uso umemuwaka, macho mekundu, kisha akasema kichwa kinamgonga, akageukia ukutani akalala. Sikuliunganisha hilo. Wivu unajua kujumlisha, lakini unachagua cha kujumlisha. Nilirudisha soksi mahali pake nikanyamaza. Nilitaka nimkamate huyo mwanamke yuko pembeni yake, mambo yaishe papo hapo, bei moja.

Safari iliyofuata nilimwacha atangulie, nikapanda basi la nyuma yake. Ipogolo nilishuka kwenye saa tisa. Pikapu nikaiona kwa mbali, imeegeshwa kando ya duka la mteja wetu. Baba Zuhura yuko ndani anakabidhi mzigo, sauti yake naisikia. Na kwenye kiti cha mbele, yeye.

Nikaenda moja kwa moja. Akageuza uso polepole. Niamini, alikuwa mzuri. Si uzuri wa kijana, ni uzuri wa mtu asiye na haraka. Lakini kilichonishtua si hicho. Pikapu yetu inalala kando ya mashine, na kioo cha upande ule kilivunjika zamani. Kiti kile muda wote kimejaa vumbi la pumba. Kila anayekikalia huinuka na makalio meupe. Ndiyo utani wa Rujewa nzima. Huyu kakaa juu ya vumbi lile na kitenge chake kinang'aa kama kimetoka dukani sasa hivi.

"Wewe ni nani na unataka nini kwa mume wangu?"

"Simtaki, dada. Namsubiri."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kununua. Akimeza kimoja, nasogea. Nilianza kule juu ya magunia. Sasa nipo hapa."

Nikajua anajisifu. Mimi sokoni sijawahi kumpigia mtu kelele kabla sijamuuliza bei, kwa hiyo nikajizuia.

"Haya, tuongee kikubwa. Nikupe nini uondoke?"

Akatabasamu. "Siuzi, dada. Anayenunua ni yeye."

"Kila kitu kina bei."

"Basi ngoja uione. Ile ya bluu bado haijakutana na ile nyeupe ya chini ya ulimi. Siku zikikutana kifuani mwake, sitamvuta. Atanishika mkono mwenyewe."

Unajua mimi nilisikia nini katika maneno yote yale? Atanishika mkono. Hilo tu. Nikaukamata mlango, nikautikisa, nikamwambia maneno ambayo mwezi huu wa Ramadhani siwezi kuyarudia hapa.

"Mama Zuhura!" Baba Zuhura alikuwa kasimama nyuma yangu na kalamu sikioni. "Umefikaje huku?"

"Kwa basi. Na huyu kafikaje?"

"Huyu nani?"

Nikageuka. Kiti kitupu. Na vumbi, mwenzangu, vumbi lilikuwa limetanda sawasawa, laini, halina hata alama ya kidole. Nikalipapasa. Kiganja changu kikaacha alama, kikatoka cheupe.

Muuza vitunguu mmoja akasema kwa sauti, "Baba, mchukue mama akapumzike. Muda mrefu anagombana na mlango wa gari."

Watu wakacheka. Baba Zuhura hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo hakunitazama siku nyingi, akasema, "Kumbe bado unaweza kunifuata mpaka Iringa?" Alionekana amefurahi. Mimi nilijua ni furaha ya mwizi aliyesalimika.

Tukachukua chumba kwenye nyumba ya wageni palepale, tuondoke asubuhi. Tukala wali na maharage. Akaenda kuoga, akakawia, akarudi ananukia. Alikuwa mpole. Akanishika bega, akaniuliza kama nakumbuka kilimo chetu cha kwanza, maji yalipozoa majaruba yote ya mpunga. Nilikuwa karibu kusahau kesi yangu.

Jua ndiyo kwanza linazama alipokaa ghafla kitandani, mkono kifuani. Jasho likamtoka. "Kifua," akasema, na mkono wa pili ukaenda kwenye shati, kwenye kichupa.

Nami nikamwona. Amekaa pale pale kitandani, ubavuni kwake, upande wa pili. Shuka halijabonyea hata kidogo. Amenyoosha mkono, kiganja wazi, anakiangalia kichupa kama anavyoangaliwa mgeni anayekaribia mlangoni.

Hapo yale maneno yakanirudia, safari hii yote, kwa mpangilio wake. Ya bluu. Nyeupe. Zikikutana.

Nikamnyang'anya kichupa nikakitia kifuani mwangu.

"Unaniua!" akasema.

"Umemeza ile ya bluu?"

Akanyoosha mkono kukifuata kichupa.

"Baba Zuhura, ile ya kwenye soksi. Umemeza leo?"

Akafumba macho. Mwanaume anaweza kuwa anakufa na bado akawa na aibu; hilo nimeliona kwa macho yangu. Sikungoja jibu. Nikaita bajaji.

Ndani ya bajaji tulikuwa wanne. Nilihesabu mara mbili. Dereva, mume wangu, mimi, na kitenge cha kijani kikipepea bila upepo.

Hospitali walimlaza haraka. Daktari alikuwa kijana, rika la mtoto wetu wa pili. Nesi akaweka vifaa, dereva wa bajaji naye amesimama mlangoni anangoja nauli yake. Mume wangu akasema ana ugonjwa wa moyo na hutumia vidonge vya chini ya ulimi. Nesi akaenda kabatini.

"Mzee, kuna dawa nyingine yoyote umetumia leo?" daktari akauliza.

"Hakuna."

Yule mwanamke akasogea kichwani pa kitanda. Vidole vyake na vya mume wangu vilibakiza upana wa punje ya mchele. Baba Zuhura akanitazama. Macho yale yalikuwa yananiomba jambo moja: nisimwaibishe. Miaka yote tuliyokaa pamoja sijamwaibisha mbele za watu, hata siku aliyouza mbegu akidhani ni mpunga wa kula. Nikitaja kile kidonge, dereva atasikia, nesi atasikia, na kesho Ipogolo yote itajua. Na huyu mtu asipopona, hilo ndilo litakuwa neno la mwisho alilonisikia nikilisema.

Nikasema. Tena kwa sauti, kwa sababu sina sauti nyingine.

"Daktari, amemeza kidonge cha nguvu za kiume! Cha bluu, cha kununua stendi! Jioni hii hii!"

Nesi akasimama na mkono kabatini. Daktari akainua kiganja. "Hicho cha chini ya ulimi asipewe." Kisha akanigeukia. "Mama, umefanya la maana. Hizi mbili zikikutana, presha inaporomoka, na mara nyingine hairudi. Hata kesho asiweke hicho cheupe mpaka nimwambie."

Wakaanza kumshughulikia kwa njia nyingine. Nikatazama kichwani pa kitanda. Yule mwanamke alikuwa anakaza kilemba, taratibu, kama mtu aliyeambiwa gari la leo limejaa. Hakunitazama. Akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, karibu na mzee mwingine aliyekuwa anasubiri zamu peke yake. Nilitoka nikamwambia yule mzee, "Baba, ukiingia, mwambie daktari kila ulichomeza. Kila kitu." Akaniona kichaa. Na iwe hivyo.

Siku ya pili, Baba Zuhura alipoweza kukaa, nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma.

"Vilikuwa vya nani?"

"Vipi?"

"Vidonge. Ulikuwa unamnunulia nani nguvu?"

"Unacheka sana na Sanga," akasema. "Kila nikirudi nakukuta pale mashineni unacheka. Mimi siku hizi ni mtu wa kulala tu. Nikasema, kabla hajanichukulia..."

Sanga! Mtu wa kupuliza macho! Nilitaka kumpiga, lakini alikuwa na sindano mkononi. Kumbe wakati mimi namwonea wivu mtu asiyebonyeza shuka, yeye alikuwa anamwonea wivu mkoboaji wangu, na katikati yetu akapata nafasi ya kukaa huyo wa kijani.

Daktari alimwambia jambo ambalo nalileta kwako kama lilivyo: nguvu kupungua si aibu, mara nyingine ndiyo moyo wenyewe unapiga hodi. Kuna matibabu. Lakini yatoke kwa anayejua una ugonjwa gani na unakunywa nini, si kwa kijana wa stendi ambaye hajui hata yeye mwenyewe ndani ya kile kidonge kuna nini. Na unga wa mizizi nao usidhani uko salama. Wengine huchanganya humo dawa ile ile.

Sasa tunakwenda naye kliniki wawili. Ipogolo wanamwita jina ambalo sitalitaja. Naye ameanza kulizoea. Safari zote za mchele nakwenda naye, mimi kiti cha mbele. Narudi na makalio meupe, Rujewa wanacheka, nami nawaacha. Kile kiti kina mwenyewe. Na kabla pikapu haijaondoka nahesabu vichwa, kisha narudia.

Juzi nilimwona tena. Sanga alikuwa anawasha pikipiki yake, na nyuma yake, upande upande, kitenge cha kijani kimekaa. Nikamwita pembeni. "Sanga, wewe na huo mwili, unameza nini?"

Uso ukamshuka. "Aa, shemeji, vya starehe tu. Na bia mbili. Mimi siumwi."

"Umepima?"

Akacheka, akatia moto, akaondoka. Sijui kama maneno yalimwingia. Mwenzake aliyepakiwa nyuma hakucheka.

Kwa hiyo sikia, mwenzangu. Siku ukiona mwanamke mzuri asiyeshika vumbi amekaa kwenye gari la mumeo, usipoteze muda kumuuliza anatoka wapi. Muulize mumeo amemeza nini.