Nukta Nyekundu

Mpiga picha wa mlango wa pili kutoka duka langu la mbegu, hapa Meru mjini, hufuta kamera yake kwa pindo la shati kabla ya kumsalimia mtu. Ni kamera ya dijitali iliyochakaa. Kihisi chake, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga, kimeungua mahali pamoja, kwa hiyo kila picha anayopiga kukiwa na giza hutoka na nukta nyekundu juu kushoto. Kununua nyingine hataki. "Hizi za kisasa zinageuza giza kuwa mchana," huniambia. "Mimi siziamini." Nukta yenyewe huifuta kwa kompyuta, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kwa wateja ana neno moja tu: "Usiangalie chini."

Mimi nami sijawahi kumwamini, maana anatazama sana na kuuliza kidogo. Jumatatu wazee waliniita kijijini Kiirua kwa kesi ya mpaka wa shamba kati yangu na ndugu yangu Nyamu. Nyamu akatoa picha, akaapa ameipiga mwenyewe kwa simu: ni mimi, alfajiri, nimeinama, jiwe la mpaka mikononi. Wazee walitazama jiwe. Mimi nilitazama juu kushoto, na nukta ilikuwa pale. Safari hii mpiga picha hakuifuta.

Leo asubuhi nimempita mlangoni mbiombio, macho chini. Alikuwa anapangusa kamera kwa pindo la shati.

"Jirani," akasema, "usiangalie chini."