Mzee Aliyekuja Kudai Balansi ya Mwanawe

Haya nnayokwambia sikuyasikia kwa mtu. Yamenifika mwenyewe, siku ya Ijumaa, mchana kweupe, nimeshiba na akili zangu timamu. Pombe sinywi, homa sikuwa nayo, na visa vya mizuka nilikuwa wa kwanza kuvicheka. Ukitaka kucheka na wewe, cheka sasa, halafu unisikilize.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kiembe Samaki, banda langu liko kwenye njia ya kwendea uwanja wa ndege. Kwa matairi nnajulikana. Kufunga matairi mawili mapya natoza elfu tano. Kufunga na kubalansi, elfu kumi na tano. Watu hulalamika, hizo kumi za zaidi ni za nini wakati tairi lishafungwa na linazunguka? Nawaeleza kwamba hakuna tairi lililo sawa pande zote, kila moja lina upande wake mzito. Ukilitundika gurudumu kwenye stendi na kulizungusha taratibu, ule upande mzito hushuka chini ukasimama hapo. Mimi hubandika vipande vya madini ya risasi upande wa juu, kidogo kidogo, mpaka gurudumu litulie popote unapoliacha. Bila hivyo, pikipiki ikichanganya mwendo, usukani unaanza kukutetemekea mikononi. Na barabara zetu unazijua. Matairi mawili yanaweza kunila saa nzima, kwa hiyo elfu kumi si nyingi.

Si nyingi ikiwa kazi yenyewe umeifanya.

Jumatano ya wiki ile alikuja mwalimu mmoja wa kike, Mwalimu Zuhura, anakaa Michenzani kwenye yale majumba marefu. Pikipiki yake ya buluu, iliyokuwa ya baba yake, kaja na matairi mapya na pesa mkononi. Alitaka kufungiwa na kubalansiwa. Nilikuwa na wateja watano wananisubiri na jua linachoma. Nikayafunga matairi, nikabandika risasi mbili kila ringi, pale macho yangu yalipoangukia, bila kulitundika hata gurudumu moja. Elfu kumi na tano yake nikaitia mfukoni. Akanishukuru, akaniombea dua, akaenda zake. Haikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo. Usinihukumu bado, ngoja nimalize.

Ikafika Ijumaa. Mimi ni Mkristo, marehemu baba yangu alikuja Unguja kutoka bara kufanya kazi ya useremala. Kwa hiyo saa ya sala ya Ijumaa, wenzangu wote wakifunga na kwenda msikitini, mimi hubaki bandani peke yangu. Wewe umewahi kuiona barabara ya huku saa hiyo? Inanyamaza kabisa.

Basi nimeinamia kazi, naona gurudumu la mbele limesimama karibu na mguu wangu. Nikainua kichwa. Mzee mmoja, kanzu safi ya pasi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, ameishika pikipiki kwa usukani. Na pikipiki yenyewe ni ile ya buluu. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Nilishangaa kidogo kwamba mzee kama yule hakwenda kusali, lakini hayo si ya kumuuliza mtu.

Akaniuliza kufunga na kubalansi ni bei gani. Nikamtajia. Akauliza kama mwanawe alishatoa. Nikasema alishatoa.

"Basi nifanyie," akasema.

Hilo tu. Hakugomba. Hakuniuliza kwa nini nilimlaghai mwanawe wala hakunitisha. Nilimpa kiti akakataa. Nikatoa gurudumu la mbele, nikalitundika. Nilipoliachia tu, likashuka kwa nguvu, na unajua upande gani ulikwenda chini? Ule ule nilioubandika risasi. Nilikuwa nimeuongezea uzito upande ambao tayari ulikuwa mzito. Ningeliacha vile vile bila risasi ingekuwa afadhali.

Mzee alilitazama, akanitazama.

Nikazing'oa zile risasi, nikaifuta ringi kwa petroli, nikaanza upya kwa subira ambayo nilikuwa nshaisahau. Gurudumu la mbele, halafu la nyuma. Muda wote mzee amesimama pale pale, mikono nyuma. Aliongea mara moja tu, nikiwa namalizia kukaza nati.

"Kesho anampeleka mama yake Makunduchi. Mama yake amekaa nyuma."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sasa iko sawa, na nilisema kweli. Akapanda kwenye kiti ili aijaribu. Hapa ndipo nnapotaka unisikilize vizuri. Mtu akikaa juu ya pikipiki, hata awe mwembamba vipi, shokapu, zile springi zake, hushuka. Hiyo ni kazi yangu, nshawaona watu maelfu wakipanda pikipiki mbele yangu. Mzee alikuwa mtu wa mwili, mabega mapana. Alikaa kwa uzito wake wote, na shokapu hazikushuka hata unywele. Matairi hayakubonyea. Ilikuwa kana kwamba nimeweka kanzu tupu kwenye kiti.

Akashuka, akaisukuma pikipiki kufuata barabara. Hakuiwasha. Nikainama kuweka spana, nikaona kifuniko cha valvu ya tairi, pale pa kujazia upepo, kimebaki chini. Nikakiokota nikatoka mbio kumfuata. Upande ule kuna ukuta mrefu wa kiwanja, hakuna uchochoro wala mlango. Barabara ilikuwa tupu. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka msikitini, wanakuja upande wangu. Nikawauliza kama wamepishana na mzee anayesukuma pikipiki ya buluu. Hawakupishana na mtu.

Namba ya simu ya Mwalimu Zuhura nilikuwa nayo. Nikampigia, nikamuuliza pikipiki iko wapi. Akasema iko chini ya ngazi, imefungwa mnyororo, yeye ana homa tangu Alkhamis na hajatoka nje, ufunguo uko chini ya mto wake.

Ningeweza kuishia hapo. Nilipanda pikipiki yangu nikaenda Michenzani.

Ilikuwepo chini ya ngazi, na mnyororo umepitishwa kwenye gurudumu la nyuma. Kiti na tangi vina vumbi la siku mbili. Lakini ringi zilikuwa zinang'aa pale nilipozifuta, harufu ya petroli bado haijaondoka, na risasi zimekaa pale pale nilipozibandika saa ile. Tairi la mbele halikuwa na kifuniko. Nikakitoa mfukoni nikakifunga. Kilikaa sawasawa. Nikampigia Mwalimu tena, nikamwambia niko chini.

Mwalimu aliteremka amejifunika kanga, na mama yake, Bi Mize, nyuma yake. Nikawaeleza kila kitu, na nilianzia Jumatano, kwenye uongo wangu. Mwalimu akakaa kwenye ngazi. Akasema Jumatano jioni alihisi usukani unatikisika, akadhani ni matairi mapya yanahitaji kuzoewa. Na kweli, Jumamosi walikuwa na safari ya Makunduchi kwenye arusi, yeye na mama yake. Hawakuwa wamemwambia mtu.

Bi Mize hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu.

"Alikuuliza bei kwanza?"

Nikasema naam, ndilo neno lake la kwanza baada ya salamu.

Akacheka, macho yamemjaa machozi. Akasema mumewe hakupata kununua hata sindano bila ya kuuliza bei kwanza, na kwamba yuko kaburini huu mwaka wa pili.

Nikatoa elfu kumi na tano nikampa Mwalimu. Hakuipokea. Kazi imefanywa, alisema, na pesa ni ya kazi. Nikamuomba radhi mama yake.

"Mimi nimekusamehe," Bi Mize akasema. "Yeye simsemei."

Jumamosi homa ya Mwalimu ikawa imeshuka, wakaenda Makunduchi, wakarudi salama, na usukani haukutikisika. Mwalimu mpaka leo ni mteja wangu. Mimi ndiye niliyebadilika. Bei ni ile ile na sioni haya kuitaja, maana sasa kila shilingi yake naitolea jasho. Siwezi tena kubandika risasi kwa kukisia. Nshajaribu mara moja, siku ya mvua, nikiwa na haraka, vidole vikafa ganzi mpaka nilipolitundika gurudumu kwenye stendi. Na kila mteja anayepanda pikipiki yake, macho yangu yanakimbilia shokapu. Zikishuka, napumua.

Wiki iliyofuata nilikaa nikawakumbuka wote niliowafanyia kama nilivyomfanyia Mwalimu. Walikuwa kumi na mmoja. Niliwafuata mmoja mmoja, nikawafanyia kazi upya bila malipo. Wengine walinitukana, nikaendelea kukaza nati. Nimewapata kumi. Mmoja sijampata. Ni kijana mrefu, pikipiki nyekundu, alisema anakwenda Fumba kila siku kwenye ujenzi. Nimemtafuta huko mara tatu.

Basi wewe unayepeleka pikipiki kwa fundi, usiondoke mpaka akutundikie gurudumu na uone linasimama mbele ya macho yako. Na wewe fundi mwenzangu, pesa ya balansi usiile kama hukuifanya, kwa sababu hujui aliyekuletea pikipiki ana nani nyuma yake. Na wewe kijana wa Fumba, kama haya yamekufikia, njoo Kiembe Samaki, ulizia fundi wa matairi. Punguza mwendo ukija. Njoo mwenyewe, tafadhali, usingoje aje mtu wako.