Ufunguo wa Ghala la Mahindi

Nakumbuka siku moja niliyopaswa kukataa, nami nikasema, "Ndiyo, bwana." Ilikuwa miaka ya hamsini, nikisomea ualimu katika chuo kimoja huku kwetu pwani ya kusini. Kila mwanafunzi alikuja na gunia la mahindi kutoka kwao, na msimamizi wa bweni alitaka kiranja wa kushika ufunguo wa ghala. Sheria ilikuwa fupi: asiyeleta gunia hapikiwi. Nikaupokea ufunguo, nikauvaa shingoni kwa uzi, nikajiona mkubwa.

Mwanangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakilala chumba kimoja. Rafiki yangu Nyawa, ambaye kitanda chake kilipakana na changu, alitoka Kinango. Mwaka ule mvua iliwanyima, mahindi yakakauka shambani, akaja mikono mitupu. Wakati wa kula alipita nyuma ya meza yetu na kitabu mkononi. Nami, mtoto wa kijiji cha Waa niliyefunzwa adabu, nilimwambia, "Karibu, Nyawa."

"Starehe," alijibu. "Nimeshiba."

Basi nikaendelea kumega sima. Kila siku karibu, kila siku starehe, nami nikaona nimetimiza wajibu! Wenzangu walimtania: "Huyu anashiba kwa kusoma!" Nikacheka nao.

Aliyechoka nasi ni mpishi wetu, Mzee Salimu. Mchana mmoja nilimpa shikamoo, hakuitikia.

"Wewe kiranja, kwenu mtu hukaribishwa mara moja tu? Mara ya kwanza hukataa kwa haya. Mshike mkono, mketishe, mnawishe! Karibu yako hiyo ni ya kumfukuza."

"Lakini sheria, mzee..."

"Sheria imekukataza kumgawia sima ya sahani yako?"

Nilikwenda bwenini na sahani mkononi, nikakuta kitanda cha Nyawa kitupu. Alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya Ramisi kukata miwa kwa kibarua, apate cha kula, na mtihani umekaribia.

Sasa juzi mjukuu wangu karudi kutoka chuoni, ananiambia mwenzake wa chumbani "hapendi kula usiku." Hapendi! Mnanichosha, wanangu. Mnasoma vitabu vyote, uso wa mwenzenu hamuusomi. Usimwulize kama amekula; atakuambia amekula. Changeni unga katika debe moja, asijulikane nani ameleta na nani hakuleta. Pakua sahani yake kabla ya yako, umshike mkono. Akikataa, mshike tena. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mungu awape riziki, kisha awatie haya ya kuila peke yenu. Amina.

Nyawa hakurudi chuoni. Nilipokuwa mwalimu, nilimkaribisha kwangu kila Idi, nikamshika mkono kama nilivyofunzwa. "Starehe, mwalimu," alisema, na kuutoa mkono wake polepole. "Nimeshiba." Alikufa hajaonja chakula changu. Ufunguo ule ulimnyima yeye ualimu, na mimi ulininyima rafiki niliyekuwa naye mmoja tu.