Kuku Walivyoniumbua Siku ya Kumtoa Mwali

Jamani, acheni niseme mwenyewe. Nimechoka kusikia aibu yangu ikisimuliwa mtoni na watu ambao siku ile hata hawakuwepo, kila anayesimulia anaongeza kuku, wamefika ishirini sasa, na juzi mmoja kaniambia eti palikuwa na mbuzi. Hapakuwa na mbuzi. Walikuwa kuku saba na jogoo mmoja, nami ndiye niliyewaalika, kwa mikono yangu hii hii mnayoisifia.

Mnajua sifa yangu huku milimani. Mtoto akilialia na mama yake anatwanga, naitwa mimi. Majani makavu ya mgomba nayasuka mpira, bua la jani la mpapai nalikata filimbi, kibuyu kidogo nakitia punje za mahindi na kukiziba kwa nta, kinakuwa kayamba ya kumnyamazisha mtoto hata awe na chango. Lakini mbinu yangu kubwa ni hii: mtoto akililia kitu cha wakubwa, usimpige wala usimnyang'anye, mtengenezee chake kinachofanana. Akililia kisu mchongee cha mti, akililia chungu mfinyangie kidogo, na dunia itatulia. Mbinu hiyo ilinipa heshima miaka mingi, na ndiyo hiyo hiyo iliyonivua nguo mbele za watu.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, reli imeshafika Morogoro mjini, na wanaume wetu hawakai nyumbani, leo wameitwa barabarani, kesho wanabeba mizigo ya watu. Tausi, binti wa mdogo wangu Chausiku, alikuwa ndani miezi mingi, amenenepa, amekuwa mweupe kwa kukosa jua, na siku yake ya kutolewa ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu haiwezekani kumtoa mwali bila wajomba zake. Safari hii akida aliwaruhusu wanaume wakae siku moja. Siku moja tu, alfajiri ya pili yake waripoti kazini. Na mchumba wa Tausi alikuwa amemtuma shangazi yake kutoka Mgeta aje kumwona mwali akitoka, mama mmoja mrefu, mkimya, ambaye tangu afike hajasifu hata maji ya kunywa.

Sasa lazima niseme habari ya mwana hiti, maana nyie vijana mnaokulia mjini mnajifanya hamjui. Ni mtoto wa mti wa ukoo wetu, urefu wake kiganja na nusu, hana mikono, nywele zake zimesimama kichwani mafungu mawili, kachongwa na nani hatujui, kapita mikononi mwa bibi zetu wote. Mwali akiwa ndani humwogesha, humpaka mafuta, humlaza, ajue kulea kabla hajapata wa damu. Siku ya kutoka hutoka naye kifuani. Na hadondoshwi. Akidondoka watu hawasemi kitu, wanatazamana tu, na huko kutazamana kunatosha kumfanya msichana akae kwao bila kuulizwa na mtu, eti hatazaa.

Mtunzaji wake alikuwa mama yangu mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alikuwa akitafuta wa kumwachia kikapu cha mwana hiti, mimi au Chausiku, na mimi (niseme ukweli) nilikitaka kikapu kile mpaka nikakiota. Kwa hiyo siku moja kabla ya kumtoa mwali, mama aliponiita akasema, "Wewe ndiye mwenye mikono, mchukue mtoto ukamsafishe, umtungie shanga mpya, kesho asubuhi mlete," nilimpokea kwa magoti, nikaenda naye kwangu nikijiona kikapu tayari ni changu.

Nikamwogesha, nikampaka mafuta ya nyonyo, nikamtungia shanga. Mwanangu Siwema, wa miaka minne wakati huo, akamwona. Akamtaka. Akalia kilio kile cha kujitupa chini, majirani wakaanza kuchungulia, nami mwenye mbinu zangu nikasema kwani kazi gani? Nikachukua gunzi likawa mwili, kibuyu kikawa kichwa, nywele nikazikata kwenye gome la mgomba, nikaunga kichwa na mwili kwa ugali wa muhogo (ukikauka unashika kama gundi, jaribuni, lakini usilowe), nikampaka masizi na mafuta mpaka akawa mweusi wa kung'aa kama yule wa mti. Hapo ningeachia. Lakini mikono ilikuwa imenoga, nikamvalisha na shanga zilizobaki, na kabla ya kuziba kibuyu nikatia punje za mahindi ili mtoto akimtikisa asikie raha.

Nikamfundisha Siwema: "Huyu ni mwanao. Unamwogesha, unampaka mafuta, unambeba mgongoni. Mtoto hadondoshwi, umesikia?" Akaitikia kwa kichwa, machozi yamekauka, na mimi nikawatazama wale wawili nilivyowaweka pamoja, wa mti na wa gunzi, nikacheka peke yangu kwa furaha, maana hata mimi ilibidi nitazame mara mbili. Jioni ile ile manyunyu yakaanza, nyumba inavuja upande mmoja, nikakata kitambaa cha kaniki vipande viwili, nikafunga kila mmoja na chake, nikawalaza katika kikapu kimoja mahali pakavu. Kikapu kimoja, jamani. Hilo ndilo kosa lenyewe, mengine yote ni watoto wake.

Asubuhi Siwema aliamka kabla yangu, akachukua mtoto wake akaenda zake nyuma ya nyumba. Mimi naamka ngoma zimeshaanza kupashwa moto, nikajimwagia maji usoni, nikanyakua aliyebaki kikapuni na kaniki yake, nikakimbia. Kwetu mwana hiti hafunuliwi njiani, kwa hiyo sikumfunua. Nikamkabidhi mama, mama na macho yake yale akampapasa, akakuta shanga, akakuta nywele mafungu mawili, akaniambia, "Umefanya vizuri, mwanangu." Nikavimba kichwa. Akaingia ndani akamfungia Tausi mtoto yule kifuani kwa kamba ya shanga, akamfunika kanga juu.

Tausi alijua papo hapo. Amelala na yule wa mti miezi yote ile, asijue uzito wake? Lakini mwali siku ya kutoka hasemi, macho yake chini, akifungua mdomo ni aibu ya ukoo mzima. Nilipoinama kumfunga njuga akanikanyaga mguu. Nikasogea. Akanikanyaga tena, kwa nguvu, nikainua uso nikaona machozi yanamlengalenga, nikamwambia kwa huruma kabisa, "Usilie mama, ndiyo ukubwa huo." (Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo natamani ardhi inimeze.)

Wakamtoa. Kaka yangu Mkude, mjomba wa mwali, ndiye aliyembeba mabegani kama inavyotakiwa, amevaa kanzu mpya nyeupe aliyoinunua mjini kwa ajili ya siku hiyo hiyo, na manyunyu yanaendelea. Akaruka mara ya kwanza, watu wakashangilia. Akaruka mara ya pili, na katikati ya ngoma nikasikia: chakacha.

Mwana hiti wa mti hana sauti. Chakacha, chakacha. Shangazi wa Mgeta akageuza shingo taratibu kama anayesikiliza panya darini.

Hapo, wenzangu, mtu mwenye akili angesimama akasema ngojeni. Mimi nilipiga vigelegele. Nikapiga kila ilipolia, mpaka koo likakauka, kisha nikawaambia wapiga ngoma, "Kazeni, kazeni, mwali wetu huyu!" Wakakaza. Kaka akaona kumbe dada amefurahi hivi, naye akazidi kuruka, na kadiri alivyoruka ndivyo chakacha ilivyozidi, na kanga ikamteleza Tausi, mvua ikampata mtoto wa gunzi waziwazi, masizi yakaanza kutiririka, yakampitia Tausi kifuani na mapajani mpaka kwenye kanzu ya kaka, mistari miwili myeusi, mbele, hadi kwenye pindo. Kaka hakuona. Anacheka, anaruka. Watu wote wanaona isipokuwa yeye na mama.

Ugali ukalainika. Kaka akaruka mara moja zaidi, kichwa kikachomoka, kikaanguka chini mbele ya shangazi wa Mgeta, kikapasuka, mahindi yakatawanyika. Ngoma ikanyamaza. Na katika ukimya ule, kutoka chini ya ghala la mama, wakaja kuku. Walikuja mbio, mabawa wazi, wakadonoa mahindi miguuni pa kaka, wakadonoa na ugali, na jogoo akakichukua kipande cha kibuyu chenye nywele akakimbia nacho akipita mbele ya wageni wote.

Hakuna aliyecheka. Watu walitazamana. Mama akauliza, "Nini? Mbona kimya? Nini kimeanguka?" Shangazi wa Mgeta akainuka, akajifunga kanga yake kiunoni kama mtu anayeanza safari, akasema maneno mawili tu: "Mmemdondosha mtoto."

Nikamwangalia Tausi kule juu mabegani, masizi kifuani, mdomo umefungwa, machozi yanashuka, hana hata ruhusa ya kujitetea, na ukimya ule ulikuwa wa heshima yetu sisi. Nilijichukia. Nikapita katikati ya kuku nikapiga magoti matopeni mbele ya shangazi.

"Shikamoo, mama. Aliyeanguka si mwana hiti. Ni wa kuchezea mwanangu, nimemtengeneza mimi kwa gunzi. Mwali hana kosa, mama yangu hana kosa. Ni mimi."

"Marahaba. Na wa kweli yuko wapi?"

Nikafungua mdomo, nikagundua sijui. Mimi niliyekitaka kikapu kile mpaka nikakiota, sijui mtoto wa ukoo alipo. Mama alikuwa amesikia kila neno. Hakunigombeza. Alikaa chini palepale matopeni, na hilo liliniuma kuliko angenipiga.

"Mbona mnapiga kelele?"

Sauti ndogo hiyo. Watu wakapisha, na Siwema akaja, amejifunga kipande cha kaniki mgongoni, ndani yake nywele mafungu mawili zimechomoza, amekunja uso kama bibi mwenye wajukuu kumi. "Mtoto wangu alikuwa amelala. Nimemwogesha, kala, sasa mmemwamsha."

Nikataka kumrukia, shangazi wa Mgeta akanizuia kwa mkono. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Umemdondosha, mjukuu wangu?"

Siwema akaudhika kweli. "Mtoto hadondoshwi, bibi! Mama kanifundisha."

Yule mama akamzunguka, akamnusa yule wa mgongoni, akampitishia kidole. Mafuta ya nyonyo yalikuwa mengi mno, chombo kizima nadhani, na mdomoni kapakwa uji. Akageuka kwetu. "Huyu kalelewa vizuri kuliko mlivyomlea nyinyi wakubwa. Mwali na ashuke amchukue mwenyewe."

Kaka akamshusha Tausi. Siwema akarudi nyuma hatua moja, hataki kutoa. Na Tausi, bila kusema neno, akapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka minne kama anavyopigiwa mkunga, akanyoosha mikono yote miwili. Siwema akafungua fundo polepole, akamtoa, akamweka mikononi mwa Tausi, akamwonya, "Shika kichwa."

Tausi akashika kichwa. Shangazi wa Mgeta, yule asiyesifu hata maji, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na ngoma ikarudi, na mimi nikalia matopeni pale kwa sauti, kuku wananidonoa mahindi kwenye pindo la kanga.

Tausi aliolewa. Kaka kanzu aliifua mara nne, masizi hayakutoka, akaivaa hivyo hivyo miaka akinipita makusudi. Na kikapu? Siku ya tatu nilienda kwa mama kuomba radhi, nikamkuta amekiweka kwenye kona yake. "Kitakaa hapa mpaka Siwema akue," akasema. Nikauliza, "Na mimi, mama?" Akanipapasa mkono, akaushika muda mrefu, ile mikono yangu ya sifa, kisha akasema, "Wewe utaangalia kuku."

Kwa hiyo mkinijia na watoto wenu nitawatengenezea, siwezi kuacha, lakini mwanasesere wangu siku hizi namtia mikono mitatu na masikio ya sungura, na kichwa nashona kwa uzi. Mahindi sitii tena. Nilivunja nadhiri hiyo mara moja tu, Tausi aliponiletea mzaliwa wake wa kwanza, akaniwekea kibuyu kidogo mapajani akasema, "Mama mkubwa, mtengenezee kayamba, na safari hii nitaongea mapema." Tulicheka mpaka mtoto akaamka, na Siwema akatugombeza wote wawili.