Ufunguo Shingoni

Mimi niliishia darasa la nne, lakini leo nina ghala la korosho Kilwa Masoko na akinamama kumi na wawili wananibangulia. Nilijua duniani hakuna tena jambo la kunishangaza.

Mwezi uliopita Mama Zuhura na Bwana Saidi, wale wawili wanaoendesha shirika dogo la kutetea haki za binadamu, walikuja kuniazima viti vya onyesho lao sokoni. Nikawapa hamsini, kisha nikaketi mbele kabisa nisubiri kushukuriwa.

Bwana Saidi akatokea kajaza mto tumboni, anaigiza bosi aliyekifunga choo kwa kufuli, wafanyakazi wake wanakimbilia vichakani. Ufunguo kauvaa shingoni kama hirizi! Nilicheka mpaka machozi. Nikasimama, nikapaza sauti: “Mpokonyeni huyo mshenzi!”

Soko zima likanigeukia. Bi Somoe, mbanguaji wangu, akainuka taratibu.

“Bosi, tukupokonye, au utautoa mwenyewe?”

Mkono ukaenda wenyewe kifuani. Ufunguo wangu ulikuwa unaning’inia juu ya kanzu, watu wote wanauona.

Choo kipya cha wafanyakazi kimenigharimu shilingi milioni moja, laki nne na elfu sitini, na hakina kufuli.