Mishale Ubaoni

Kila mwaka somo ni lile lile. Nachora ramani ya Afrika kwa chaki, kisha mishale: mvua ilipobadilika, watu wa kale walibeba vyao wakafuata maji. Nimelifundisha hapa mtaa wa Panda, kati ya migodi, mpaka mkono unachora wenyewe, akili iko kwingine.

Mwaka huu, siku ya somo hilo, nilitoka darasani nikaenda shambani kumsaidia mama kupanda mahindi upya, mara ya tatu msimu huo. Mama hupanda siku ya mvua ya kwanza, kama mama yake alivyofanya. Siku hizi mvua ya kwanza ni ya uongo: inanyesha, inatukimbia, mbegu inaungua ardhini. Nimemwambia asubiri, hasikii. Nami, mwalimu mzima, nainama na jembe nyuma yake, mgongo ukiniuma.

Siku hiyo nikamchokoza. “Mama, bantu ba zamani, mvula ikikataa, balikuwa banahama. Siye tunangojea nini?”

Hakuinua kichwa. Alifukia mbegu kwa kisigino, kisha akanyoosha mkono: upande huu ukuta wa mgodi, upande ule seng'enge ya mgodi mwingine, na nyuma yetu makaburi ya watu wetu.

“Weye njo mwalimu, si miye,” akasema. “Unionyeshe njia, tuende.”

Nilichukua jembe, nikaendelea kuchimba.

Kesho yake, kwa darasa lingine, nilichora ramani bila mishale. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza watu walielekea wapi.